Mtungi Ulioitwa Ziwa

Matrah, 9 Oktoba 1964

Mwanangu Yaarub,

Salamu nyingi, na dua zaidi ya salamu. U hali gani huko Kairo? Mimi mzima, alhamdulillah, isipokuwa magoti, na magoti hayajapata kuua mtu.

Tumefika Matrah tangu Agosti, mimi na Hind mdogo wako, na mjombako Ghanim ametupokea nyumbani kwake. Ya Unguja sikusimulii. Yaliyotokea Januari unayajua, na marehemu babako tumeshamsomea. Nashukuru fidla yake uliondoka nayo wewe ulipokwenda kusoma. Vyombo vingine vya klabu yake ya muziki sijui viko kwa nani. Mimi nimetoka na nguo zangu na kata yangu ya kifuu ya kuchotea maji, na Hind akanicheka njia nzima kwa ile kata.

Mjombako anauza ndimu kavu sokoni. Nyumba ni ya ghorofa, imeegemea jabali, na jabali likishapata jua hapana pa kukimbilia. Watu ni wema. Nikisema Kiarabu changu wanacheka, nami nikicheka wao wanaacha. Muziki usiuulize. Ghanim ameniambia nisiimbe hata nikipika, maana serikali haipendi nyimbo kusikika njiani. Mimi niliyekuwa naongoza kikundi cha kina mama! Basi nanyamaza, na sufuria inanyamaza nami.

Kinachopiga kelele humu ni mtungi tu. Wenyewe wanauita jahla. Ni wa udongo, umening'inizwa kwa kamba kwenye dirisha la juu ili upepo uyapoze maji, na tumbo lake linavuja, linatona kwenye bakuli la shaba. Mchana wenzangu wote wanalala, mimi na mtungi tuko macho. Iko siku nitaikata ile kamba.

Mamako

*

Helsinki, 20 Februari 1965

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumai barua hii inakukuta na afya, na magoti pia. Mimi sijambo ila baridi.

Usishtuke kwa stempu. Nimepata nafasi ya kuendelea na fidla katika chuo cha muziki cha huku Finland, kaskazini kabisa, na nimekuja kabla hawajabadili nia. Bahari imeganda, Mama. Si ile barafu ya kiwandani tuliyokuwa tukiikwangua tukaimiminia sharubati. Watu wanatembea juu ya bahari, wengine na mbwa.

Mwalimu wangu, mzee mmoja mkavu, alitupeleka ziwani kusikiliza. Barafu inalia. Sauti inaanzia mbali, inapita chini ya miguu yako ikiteremka, kama kidole kinachoburuzwa juu ya uzi mnene wa fidla bila kuinuliwa. Mzee akafumba macho kama anayesikiliza adhana. Mimi nilitaka kukimbia.

Kisha akatutaka kila mmoja aandike muziki wa nyuzi, fidla mbili, moja ya sauti nzito, na ile kubwa inayoshikwa magotini, juu ya maji, au barafu, au nchi yao hii. Ndio mtindo wa sasa huku. Hakuna wimbo wa kushika mdomoni. Nyuzi zinapumua, zinakwaruza, zinanyamaza. Nimeandika barafu. Akaisikiliza akasema, "Hii umeisoma kitabuni." Kweli tupu. Mimi na barafu hatujajuana.

Hebu niambie mtungi wako unasema nini. Kamba usiikate kwanza.

Mwanao,
Yaarub

*

Matrah, 3 Juni 1965

Mwanangu Yaarub,

Wa alaykum salaam, na marahaba. Huku sote wazima, khofu yetu ni kwako. Mtu anayetembea juu ya bahari na mbwa usifuatane naye.

Mjombako amekuombea kibali cha kuingia nchini, ukimaliza masomo uje. Ameambiwa asubiri. Bila kibali aliye nje haingii, hata kama mamake yumo ndani. Basi tunasubiri, na joto linasubiri nasi.

Umeuliza mtungi. Nimeshauzoea, siku hizi nikiikosa sauti yake silali. Ukijazwa asubuhi, matone yanakimbizana, na bakuli likiwa tupu yanalia juu, kama kengele ya mbuzi. Bakuli likipata maji, sauti inashuka na kunenepa. Adhuhuri upepo ukisita, linakuja tone moja, kimya, kisha mawili ya haraka, kimya kirefu zaidi. La pili katika yale mawili ni dogo, linatoka kama linaomba radhi. Hiyo ndiyo saa ninayoipenda. Ikifika alasiri, maji yakielekea kwisha, matone yanaanza kuchelewa. Unasikia moja, unasema sasa linakuja, haliji. Unasema sasa, haliji, halafu

Haya, nimerudi. Nilikuwa wapi? Hind anakusalimu sana. Ameposwa na mtoto wa watu wa Sib, kijana mtaratibu, masikio makubwa. Nimemwambia masikio si aibu, babako alikuwa nayo na aliyatumia vizuri. Vaa soksi.

Mamako

*

Helsinki, 28 Machi 1967

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Mimi mzima, na nawaombea nyote uzima. Najua nimekaa kimya. Kazi ilinishika, na kazi yenyewe ni habari njema.

Ule muziki niliuchana, nikaanza upya na barua yako mezani. Barafu nimeiacha inalia kwa mbali, chini kabisa, kwenye ile fidla kubwa. Juu yake nimeweka mtungi. Tone moja, kimya, mawili, na lile dogo la kuomba radhi nimempa mpigaji mwenye kidole chepesi kuliko wote. Mwisho matone yanachelewa, yanachelewa, mpaka yanakatika. Wapigaji wanne wameshika pinde hewani, na ukumbi mzima hakuna anayekohoa.

Basi wamefurahi, Mama! Gazeti limeandika kwamba kijana wa nchi za joto ameisikia barafu yao ikiyeyuka mapaani kuliko wanavyoisikia wenyewe. Mimi nilikuwa sijautia jina. Mwalimu akaupa: "Ziwa Linafunguka." Sikumsahihisha mtu. Aliyefurahi humharibii furaha yake. Na kwa muziki huo okestra ya mji imeniajiri.

Kibali vipi?

Mwanao,
Yaarub

*

Matrah, 14 Agosti 1967

Mwanangu Yaarub,

Marahaba. Sisi wazima. Hind kajifungua mtoto wa kike, mama na mwana salama.

Hongera kwa kazi. Mjombako aliisoma barua yako mbele ya wageni, na mtungi unatona nyuma yake, wageni wakacheka mpaka kahawa ikapoa. Ghanim anasema tuutoze kiingilio. Hapo ndipo mzaha wangu unapokwisha.

Cha watu husemwa ni cha watu. Ziwa wanalo, kubwa, wanatembea juu yake na mbwa. Mtungi wangu wanautakia nini? Nimekasirika, nakwambia wazi, usije ukasoma ukadhani nakutania. Jina tu ningestahamili. Lakini wewe ulikuwa umekaa pale, una ulimi, ukaona heri wadhani huna ulikotoka. Waambie. Sentensi moja inatosha.

Kibali bado. Ghanim amekwenda tena, ameambiwa asubiri.

Mamako

*

Helsinki, 2 Desemba 1968

Mama,

Shikamoo. Mimi mzima. Natumai nyote hamjambo.

Nimechelewa kukujibu. Unataka niwaambie nina kwetu. Kwetu wapi? Unguja tumetoka. Matrah sijapata kuikanyaga, nyumba yenu naijua kwa wino. Kibali hakiji, na Mjomba anazeeka mlangoni kwa watu kwa ajili yangu. Mwambie asiende tena.

Hapa nina chumba na kazi. Wenyeji wako tayari kuniandika raia nikitaka, na nadhani nitataka. Si kwamba nawapenda kuliko nyinyi. Nimechoka kungoja, basi.

Nakuletea kanda ya ule muziki. Najua huko hamna mashine ya kuipiga. Iweke tu.

Mwanao,
Yaarub

*

Matrah, 18 Oktoba 1970

Mwanangu Yaarub,

Salamu na dua. Kimya chako na kimya changu vimeshaota meno. Mimi nilinuna, nawe ulinuna, na kila mmoja alikuwa akimsubiri mwenzake aanze. Mimi ndiye mkubwa, naanza.

Khabari utakuwa umezipata. Serikali imebadilika Julai, na mlango umefunguka. Watu wanarudi kutoka Kuwait, Bahrain, mpaka Urusi, na haulizwi mtu kibali. Wiki ile ya kwanza niliimba jikoni. Ghanim akaja mbio, nikadhani anakuja kuufunga mlango wa njiani. Akaufungua. Sasa ameagiza friji ya mafuta ya taa na anataka kuuteremsha mtungi. Nimemwambia aanze kuniteremsha mimi.

Katika waliorudi ni jirani yetu Ishaq, na amekuja na mashine ya kanda. Nikaitoa kanda yako kwenye sanduku la nguo. Tukakaa sebuleni baada ya sala ya alasiri, mimi, Ghanim, Ishaq, na Hind amemweka mtoto begani.

Mwanzoni sikupenda. Nyuzi zinakwaruza kama mtu anayesogeza kabati. Nadhani ndiyo barafu hiyo, na kama ndivyo inavyolia, pole yako. Kisha juu yake likaja tone. Kimya. Mawili. La pili dogo, linaomba radhi. Hind akageuka kutazama dirishani, nami nikageuka. Nililia, Yaarub, sikufichi. Hujapata kuingia nyumba hii, na umeisikia kuliko Ghanim aliyeijenga.

Ukaja mwisho. Matone yakachelewa. Yakachelewa tena. Hind akainuka, mtoto begani, akaishika kata yangu na kuelekea dirishani, ndipo akakumbuka kwamba ni kanda. Halafu yakakatika kabisa. Ishaq akauliza, "Mashine imekufa?" Nikamwambia, "Mashine nzima. Ndivyo alivyoandika."

Hapo ndipo ulipokosea, mwanangu. Mtungi huu tangu nije haujapata kukauka hata siku moja. Ndiyo ada ya nyumba hii, nami niliikuta. Tone likianza kuchelewa, aliye karibu huinuka akautia maji, awe mgeni, awe ameshasinzia. Hatumwi mtu. Matone yakikatika, maana yake ndani hamna watu. Siku ile nilipokuandikia niliikatisha sentensi katikati. Ulidhani nimekwenda wapi?

Uliponiuliza kwenu wapi, niliudhika na sikuwa na jibu. Sasa nnalo. Umeandika nyumba yetu imekauka, na sisi tumo ndani. Watu wa huko na waiite ziwa, sina ugomvi nao tena. Mwisho wake tu ndio si kweli, na wa kuurekebisha ni wewe.

Kuwa raia wa kule ukipenda, hilo lako. Nataka kukuona, hilo langu. Friji inafika Januari.

Mamako

*

Helsinki, 30 Novemba 1970

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Mimi mzima, na nimefurahi kwamba nyote wazima, na kwamba jikoni kunaimbwa.

Barua yako nilimpelekea mwalimu wangu, nikamfasiria mstari kwa mstari. Akauliza kata ni kitu gani. Nikamweleza. Akachukua kalamu, akalifuta lile jina la ziwa, akaniachia nafasi tupu juu ya karatasi, bila kusema kitu. Kwake yeye hiyo ni hotuba ndefu.

Mwisho mpya sijauandika. Nimejaribu na haukubali. Tone nalijua, umenifundisha. Lakini maji yakimiminwa kwenye mtungi ule kwa kata ile, sijui yanalia vipi, na hili sitaki uniandikie.

Nakuja na fidla ya Baba. Ndege ya Bahrain inatua Bait al-Falaj Alkhamisi ya tarehe 24 Desemba, mchana. Asubuhi jazeni kama kawaida. Alasiri, tone likianza kuchelewa, mwambie Hind asiinuke.

Mwanao,
Yaarub