Nusu ya Dastani

Nandagala, Ruangwa,
Jimbo la Kusini.
14 Agosti, 1954

Mpendwa mwanangu Abdala,

Assalaam aleikum. Natumaini barua hii itakukuta mzima huko Tanga kwenye mkonge. Sisi hatujambo, ila kifua cha baba yako, kaka yangu Halfani, hakijapona. Ufuta tumevuna vizuri.

Nimepokea pakiti za sigara ulizompelekea baba yako kwa mkono wa jirani yetu Mwanawetu, aliporudi kutoka huko. Ahsante kwa heshima hiyo, lakini sikumpa. Sababu nakueleza.

Alipokohoa damu, daktari wa misheni alimwambia achague kati ya sigara na uhai. Akaacha. Ramadhani tulidhani itamshinda, lakini alikaa mchana kutwa bila kuhangaika, na baada ya Idi akaendelea hivyo hivyo. Alianza kula. Alirudi shambani.

Kisha shangazi yako Mwamini akafariki, Mungu amrehemu. Kwenye matanga alikuja mtani wetu Shaban. Unawajua watani: msibani hawakatazwi kitu, nawe huna ruhusa ya kukasirika. Alimvua baba yako kofia, akaivaa, akakohoa kama yeye, watu wakacheka. Halafu akawasha sigara.

"Halfani, siku hizi umekuwa bibi harusi? Shika!"

"Nimeacha, mtani."

"Umeacha? Na Dastani je, umemuaga?"

Baba yako alikuwa akicheka. Akaacha kucheka, akaipokea sigara.

Habari ya Dastani labda huijui, ulikuwa mdogo. Walifyeka msitu pamoja kule Nachingwea, kwenye mashamba ya karanga ya Wazungu. Sigara yao ilikuwa moja: baba yako huvuta nusu, kisha humwita mwenzake achukue nusu yake. Siku moja alimwita, na Dastani akakatiza mbele ya mti uliokuwa ukivutwa kwa mnyororo wa trekta. Ukamwangukia.

Shaban alijua urafiki wao tu. Habari ya kuitwa hakuijua, wala mimi sikuijua mpaka matanga yalipokwisha, kaka akanieleza.

Sasa baba yako huvuta nusu, nusu ya pili huiweka juu ya jiwe la barazani ikiwaka, akageuza uso mpaka izime. Mama yako haketi tena upande ule wa baraza. Nilimwuliza kaka kama ni kiu ya tumbaku inayomshinda.

"Kiu naiweza, Yunusi," akasema. "Lakini nikikaa bila sigara namwona Dastani amesimama ng'ambo ya ule mti, anangoja nimwite. Nikiwasha, haonekani."

Kwa hiyo kumkaripia hakufai. Kuficha pakiti nako hakutoshi, maana majirani wanampa. Damu imerudi.

Shaban nimemweleza habari yote. Amejitolea kumpeleka Nachingwea, pale mti ulipoanguka, wakamwombee dua marehemu. Sijui kama itasaidia. Baba yako amekubali kwenda, ila kwa sharti kwamba wewe uwepo. Njoo kabla ya mvua. Usiniandikie kwamba bwana mkubwa wako atakunyima ruhusa kabla hujaiomba.

Mama yako Fatu anakusalimu sana, na dada yako Mwanaima pia. Nisalimie wote wa kwetu walioko huko.

Mola akutoe salama kwenye miiba ya mkonge, akufikishe kwetu.

Baba yako naye anakusalimu. Aliniambia nikuandikie kwamba ameacha sigara. Nimeshindwa kuandika hivyo.

Wako akupendaye,
Baba yako mdogo,
Yunusi