Sahihi Niliyoweka kwenye Ndege ya Kapteni Danieli

Mwanza

Mama yangu mpendwa,

Mwakeye, nakuamkia. Goti lako linaendeleaje tangu mvua zianze? Mahindi ya bondeni yameota? Mimi ni mzima wa mwili. Skola, mdogo wangu, msomee mama polepole, na ukifika katikati usiruke kitu.

Mama, unamkumbuka Kapteni Danieli, yule rubani niliyekuja naye hapo Rungwe Mpya mwaka jana, ndege ilipotuharibikia Kasulu. Ulimpikia ugali wa muhogo na samaki wa migebuka, akakuomba umwongezee mchuzi. Amefariki. Ndege iliyoanguka huko milimani, ambayo najua mmeisikia, ilikuwa yake, na fundi wake nilikuwa mimi.

Asubuhi ile alikuwa anapeleka dawa Kibondo, kwenye kambi za wakimbizi. Nilipokagua ndege nikakuta kile kifaa cha mkiani kinachotoa ishara ndege ikianguka, ili watafutaji wajue ilipo, kimekufa. Betri ilikuwa imevuja. Nikaandika kwenye kitabu cha ndege kwamba isiruke.

Danieli alisoma, akaniita pembeni.

"Zabroni, injini ni nzima?"

"Nzima."

"Mabawa?"

"Mazima. Lakini ukianguka hatutakuona, Kapteni."

"Watoto wanaharisha kule kambini. Betri mpya inafika lini kutoka Dar?"

"Labda wiki ijayo."

"Basi nenda wewe ukawaambie wangoje wiki ijayo."

Tulibishana mpaka sauti zikapanda. Mwenye kampuni akatoka ofisini, akasema fundi hana mamlaka ya kuzuia safari. Si kweli, Mama. Bila sahihi yangu Danieli asingeondoka. Lakini nilichoka kuitwa mwoga mbele ya watu. Nikayakata maneno yangu kwa kalamu, nikaandika kwamba inafaa kuruka, nikasaini. Danieli akanipiga begani, akapanda.

Alifika Kibondo salama, akashusha dawa. Ni wakati anakuja Kasulu kuchukua mgonjwa ndipo ukungu ulipomfunika, akagonga mlima. Tulimtafuta kwa ndege nyingine siku mbili, mimi nimebandika uso dirishani, chini miti na mawingu tu. Siku ya tatu wanaume waliokwenda kutazama mizinga yao ya nyuki ndio waliomkuta. Alikuwa hai, Mama. Miguu yote imevunjika, amejiburuta mpaka kwenye kijito. Wakambeba kwa machela, akakata roho njiani, hawajafika hospitali ya Kasulu. Daktari aliniambia kwamba angepatikana siku ile ya kwanza, angepona.

Wachunguzi walipokuja, mwenye kampuni alitaka niseme kifaa kilikuwa kinafanya kazi. Nikawaonyesha kitabu, mstari nilioukata na sahihi yangu chini yake. Sasa sina kazi, wala sijui kama nitaruhusiwa kushika ndege tena.

Baada ya mazishi nilikwenda kwa mke wa Danieli, nikamweleza yote kama nilivyokueleza wewe. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Wewe ulisaini, yeye akapanda. Sikulaani. Ila hapa kwangu usije tena." Nikachukua kofia yangu nikatoka.

Msalimie shangazi wa Kasanda, mwambie nimepata habari ya mjukuu wake na nimefurahi. Msalimie baba mdogo katekista, naye asiache kuniombea.

Mama, nina ombi. Waliombeba Danieli walisema kuna mwanamke aliyempa maji njiani, wakampumzisha mlangoni kwake. Ni mtu wa huko huko karibu na kwetu. Mtafute, umshukuru kwa niaba yangu. Kisha muulize kama Danieli alisema neno lolote. Hata kama alinitaja kwa ubaya, Skola aliandike vilevile lilivyosemwa, anitumie.

Mwanao,
Zabroni