Mume Wangu Analia Mbele ya Wateja

Mpendwa mshauri Felicitas, hali yako, nakuandikia nikiwa na mzigo moyoni na naomba unisaidie kuutua kabla sijaiharibu nyumba yangu kwa mikono yangu.

Mimi ni Zuleka, naishi mtaa wa Dallas hapa mjini Embu, na mume wangu Khalifa ana bucha karibu na soko, ni mtu wa sauti na mizaha ambaye hakutoa chozi hata tulipomzika mamake. Ramadhani iliyopita, mvua za El Nino zikiwa zimekolea, tulikuwa buchani asubuhi akimkatia mteja mbavu, mara nikaona kisu kinamponyoka, akainama kukiokota na mkono ukawa haushiki, akataka kusema kitu maneno yakatoka kama ya mtu mwenye uji mdomoni, na wateja wote wakaangua kicheko. Mutugi, mkulima wa Kanja anayeleta kabichi sokoni kwa pikapu, akasema, "Ai, Khalifa! Leo umeonja nini na ni Ramadhani?" Mimi sikucheka, kwa sababu mume wangu pombe hajui hata harufu yake, na nilipomtazama vizuri mdomo ulikuwa umeenda upande mmoja. Shemeji yangu Jumaa, ndugu yake anayefanya kazi naye, akasema, "Ni saumu hiyo. Mpe tende, alale kidogo, ataamka sawa." Nikamwambia, "Shemeji, njaa haipindi mtu mdomo. Huyu anaenda hospitali sasa hivi." Kicheko kikamwisha Mutugi, akamwaga kabichi zake palepale kwenye matope, akasema, "Wekeni yeye hapa nyuma ya pikapu," kisha akaniita kwa jina la binti yetu, "Mama Mwanatatu, shikilia kichwa."

Hospitalini presha ilikuwa juu sana, daktari akasema ni kiharusi na kwamba mbio zetu zilimsaidia, maana wengi hupelekwa siku ya pili wakiwa wamekandwa mafuta tu. Sasa yuko nyumbani, anatembea na mkongojo, mkono wa kulia umeanza kufunga na kufungua, maneno yanarudi moja moja, Alhamdulillahi. Shida ni machozi. Mtu akimsalimia tu analia kwa sauti, halafu baada ya muda mfupi ananyamaza kama hakuna kitu, na juzi kwenye matanga ya jirani alicheka mpaka nikatamani ardhi inimeze. Nilimpeleka buchani mara moja, Mukami, mteja wetu wa miaka mingi, akamwambia "Pole, baba," Khalifa akaangua kilio, na Mukami akatoka akiuliza watu, "Kwani Zuleka anamfanya nini mzee wa watu?" Tangu hapo Jumaa anasema mgonjwa akae ndani mpaka apone kabisa, asionekane hivyo, nami nimekubali, nimeficha hata koti lake jeupe la kazi, lakini kila asubuhi anasimama mlangoni na kusema neno moja, "Bucha," nami najifanya sijasikia. Mshauri, nimfiche ama nimtoe watu wamcheke? Na je, analia kwa sababu kuna mahali nimemkosea?

Zuleka,
Dallas, Embu

*

Dada Zuleka,

Hujamkosea. Wewe ndiye uliyeona mdomo ukienda upande, mkono ukilegea na maneno yakivurugika, na hukungoja jioni. Tena ulifanya vyema kutomtilia tende mdomoni, kwa maana mtu wa hali hiyo hukabwa hata na maji. Dalili hizo zikirudi, hata zikipotea zenyewe baada ya muda mfupi, kimbia tena vilevile.

Sasa keti nikugombeze. Machozi hayo si huzuni, wala kicheko cha matangani si dharau. Kiharusi huweza kuumiza mahali ubongo unapozuia kilio na kicheko, na madaktari wanaijua hali hiyo. Mweleze daktari wake, kwa maana ikizidi inatibika, na mara nyingi hupungua na muda. Akianza kulia, usimbembeleze wala usimkaripie. Mwulize jambo lingine kabisa, uone kilio kinavyokatika. Na ukitaka kujua kama kweli ana huzuni, muulize mwenyewe, atikise kichwa.

Lakini kumficha! Mtu anapigana kila asubuhi mpaka mlangoni, anakupa neno alilolitafuta kwa jasho, nawe unajifanya kiziwi? Hilo neno ndilo dawa aliyojiandikia mwenyewe. Mwambie Jumaa kwamba mkono usiotumika husahau kazi, na ulimi usiozungumza nao husahau. Mrudishie koti lake kesho. Aanze na asubuhi chache, akae kwenye kiti chenye mgongo, kisu akiache kwanza, afunge nyama kwenye gazeti kwa mikono yote miwili hata ikichukua muda. Akitafuta neno, mngojee, usimmalizie. Mazoezi ya hospitali msiyaache, wala vidonge vya presha, hata akijisikia mzima. Na kabla ya Ramadhani ijayo, amwulize daktari kama afunge.

Watakaocheka watacheka wiki moja, kisha watazoea. Jibu maswali yao yeye mwenyewe akiwepo, bila kunong'ona: "Kiharusi kiligusa mahali pa machozi. Akili yake ni ileile, na anawasikia." Kisha muulize Mukami kama anataka nyama ya mfupa ama steki, na umwache Khalifa amfungie.