Waini Kwenye Kibuyu cha Shanga za Buluu

Jumamosi, 14 Juni 2025

Nimenunua waini! Chupa nzima. Kufikia Jumatatu kiwanda chote kitajua, maana msichana wa kaunta ni binti ya dereva wetu. Basi na wajue.

Chanzo ni yule mnunuzi wa chai aliyekuja wiki hii. Alisimama kwenye chumba cha kuonjea akinitazama nikivipitia vikombe vyangu kwa kijiko – navuta kwa kelele, nazungusha mdomoni, natema kwenye ndoo. Miaka ishirini na sita hii kazi. Akasema ulimi kama wangu unapotelea kwa chai peke yake, nijaribu waini. Nikacheka, lakini neno lilinikaa.

Nimechukua ya bei ya chini kabisa kwenye supamaketi ya Kericho. Nyekundu, tamu. Nimeivuta kwa kijiko. Hmm. Juisi ya watoto iliyokasirika! Hakuna kitu kinachoshika ulimi. Ingekuwa chai ningeirudisha. Nimemaliza kikombe hata hivyo – glasi sina.

Mwanangu Zack yuko Nairobi na atanicheka. Nitamwambia Kimeli, rafiki yangu mkulima.

Jumamosi, 21 Juni

Kimeli amekuja na maziwa, lita tatu, kutoka kwake Silibwet, Bomet, mpaka hapa Kapsoit. Majirani wote wanajua hakuna maziwa yanayohitaji safari hiyo. Hapa ng'ombe wamejaa! Ila wananisalimia tu kwa tabasamu refu.

Mimi mjane miaka tisa, yeye mkewe alifariki miaka minne iliyopita. Tulijuana siku wakulima wa Bomet walipoletwa kutembelea kiwanda. Wenzake waliuliza bei. Yeye aliuliza kwa nini natema chai.

Leo nilikuwa na chupa ya pili. Nyekundu tena, isiyo na sukari, bei juu kidogo tu. Nilipovuta – yaye! Ukakasi! Ule ule wa chai iliyokolea, unaokausha fizi. Huo naujua kama jina langu. Kumbe maganda ya zabibu na majani ya chai ni ndugu!

Kimeli alikaa mikono magotini. "Mama Zack, kanisa yetu pombe hapana."

Nikamwambia sisi hatunywi, tunaonja. Kazini natema zote, amewahi kuniona nimelewa chai?

Akafikiria sana. "Kutema si dhambi," akasema, akavuta kijiko kwa kelele kama injini ya posho mill ikisaga mahindi. Alicheka mpaka kofia ikaanguka kwenye beseni la kutemea. Miaka sitini na moja, na anacheka hivyo.

Jumamosi, 5 Julai

Mvua ya mawe asubuhi. Vibaya kwa chai, vizuri kwa waini nyeupe! Niliokota mawe kwenye ndoo nikazika chupa humo.

Hii Kimeli aliinunua mwenyewe, akaificha ndani ya pakiti ya unga. Somo la leo: baridi ikizidi harufu inajificha. Tukangoja, tukivishika vikombe kwa viganja vyote viwili. Mimi nikanusa majani mabichi ya chai yakinyaushwa. Yeye akasema, "Bua ya mahindi, ile ya kutafuna." Nimeiandika kwa sababu ndivyo kabisa. Ana ulimi huyu mtu!

Ametema zote. Mwaminifu.

Jumanne, 8 Julai

Nilimkumbuka nikiwa kwenye kikombe cha mia na kumi. Nikasahau kutema.

Jumamosi, 19 Julai

Chupa ya leo ilikuwa na kizibo cha kweli. Kifungulio hatuna. Tulikisukuma ndani kwa mpini wa mwiko, ukuta wangu sasa una madoa. Karatasi ya chupa inasema zile za bei kali hukaa kwenye mapipa ya mbao, ndani yamechomwa moto, ndio zinapata harufu ya moshi. Hii yetu haikukaa popote. Imetoka tu shambani kama mtoto asiyepelekwa shule.

Kimeli akashika kidevu. Kwao kibuyu cha mursik, yale maziwa ya mgando, kinasuguliwa ndani na mkaa wa mti, ndio maziwa yanapata ule moshi. "Sasa hii waini si itafunzwa tu na kibuyu?"

Ameenda nayo.

Jumamosi, 26 Julai

Amekileta. Kibuyu kidogo, chembamba, kamba ya ngozi na shanga za buluu. Kizuri mno kwa mchezo wetu.

Moshi! Moshi kwanza, halafu tunda, halafu ukakasi, na mbali kabisa kama mtindi. Mnunuzi yule angepiga magoti. Nilikuwa nimeshatema, nikasikiliza kama naye atatema kwenye beseni. Kimya. Nikainua macho.

Amemeza.

Alisema tu, "Tarehe tisa ukuje nyumbani. Chepkurui atakuwa, na dada yangu Phelis. Wakujue."

Nilijibu sawa kama mtu anayekubali chumvi. Moyo wangu lakini!

Chepkurui ni binti yake, mwalimu, wa pekee. Tulikutana mara moja Bomet, akanipa vidole viwili badala ya mkono. Kimeli ameniambia wazi: Chepkurui akikataa, hataenda kinyume chake. Tutabaki marafiki wa maziwa. Ninamheshimu kwa hilo na linanitisha. Nampenda. Haya, nimeandika.

Nikamuuliza kama atawaambia kuhusu waini. "Polepole, Mama Zack." Nikamwambia mficha uchi hazai. Akasema kwa umri wetu hatuna mpango wa kuzaa! Amerudi kwake na kibuyu, nusu ya waini ikiwa ndani, tuone wiki mbili zaidi zitafanya nini.

Alhamisi, 7 Agosti

Nguo ya kijani au ile ya maua? Ya kijani. Nimenunua sukari, majani, mkate. Silali vizuri.

Jumamosi, 9 Agosti

Naandika nikiwa jikoni kwa Kimeli, nimekalia debe.

Tulianza vizuri. Phelis alinikumbatia, akaniuliza kuhusu watu wetu wa Kisii. Chepkurui alinipa mkono mzima. Tukala. Halafu akasimama, akasema mgeni wa leo hawezi kupewa mursik ya kibuyu cha kila siku. Akaenda kwenye rafu, akarudi amekumbatia kibuyu kwa mikono miwili. Akasema hiki kilikuwa cha mama, hakijatumika tangu aende. Alikiinua akasikia kina uzito, akatabasamu. "Baba, kumbe uliweka!"

Shanga za buluu.

Sikujua! Mungu wangu, sikujua ni cha nani. Nilimtazama Kimeli, uso wake umekuwa jivu. Chepkurui akakitikisa vile mursik inatikiswa, akanimiminia mimi kwanza. Zambarau. Ikaendelea kutoka mpaka kikombe kikajaa.

"Hii ni nini?"

Angeweza kusema maziwa yameharibika. Angeweza kusema ni dawa, Phelis alikuwa tayari kuamini dawa. Kimeli akasema, "Ni waini. Mimi niliweka. Mama Zack hajui kibuyu ni ya nani."

"Kwa sotet ya mama? Kibuyu yake?"

"Ilikaa miaka nne kavu, Chepkurui. Kila siku naiona. Nilitaka kitu ikae ndani."

Akachukua kile kikombe changu akakinywa chote. Nilisikia harufu kutoka nilipokaa – imekuwa siki tupu, haimezeki. Alimeza mpaka tone la mwisho, macho yanatoa machozi, akasema, "Nikiwa na huyu Mama Zack, mimi nacheka. Nilikuwa nimesahau kucheka."

Chepkurui alichukua kibuyu akatoka nje. Phelis akaninong'oneza nikae jikoni, nimpe nafasi. Kimeli bado yuko sebuleni, namsikia akikohoa.

Mlango. Ni Chepkurui, na kibuyu mkononi. Macho mekundu.

Ameniuliza, "Baba anachekanga aje?"

Nimemwambia mpaka kofia inaanguka. Siku moja iliangukia kwenye beseni.

Amesimama mbele ya karai la vyombo, amefungua kifuniko cha kibuyu, amenusa. Amenusa tena. Sijui kama anataka kumwaga akioshe. Ningesema pole lakini nimeshasema mara tatu. Naendelea kuandika ili nisimtazame.

Mkono mmoja umeshika kibuyu. Ule mwingine umeenda kwenye vyombo, umetoa kikombe, umekiweka mezani mbele yangu.

Sasa umetoa cha pili –