Unga wa Kurudisha Ujana

Dada Syombua,

Mnaendeleaje huko Kitui? Huku Umoja maji yamerudi, na kwaya yetu imepata sare mpya.

Shemeji yako Mutie anarudi kutoka Qatar mwezi ujao. Aliponipigia kwa video baada ya kimya kirefu, alisema, "Habari yako, mama? Naomba uniitie Kavindu." Alidhani mama amenitembelea. Nilikata simu nikalia.

Tangu hapo nakunywa unga wa kolajeni, ule wa kurudisha ujana ambao kila mwanamke hapa anausifu. Haukunisaidia. Jirani yangu Phelister akaniambia, "Huo una jina tu. Vidonge vinavyouzwa Tassia ndivyo vinavyofanya kazi." Nikatumia vyote pamoja. Mikunjo iko palepale, ila macho yamegeuka manjano. Daktari amesema ini limeumia, niviache mara moja.

Dada, sijaviacha. Asubuhi hii nimemeza viwili. Naogopa kufa, lakini naogopa zaidi Mutie atanipita pale uwanja wa ndege akiendelea kunitafuta.

Njoo unikataze. Mwenyewe nimeshindwa.

Mdogo wako,
Kavindu