Nani Alilima Siku ya Msiba

Jumatatu, 2 Juni

Uji nusu kikombe. Vidonge vitatu. Binti yangu Koku amenigeuza upande wa dirishani nione migomba. Kifua kinakoroma. Daktari ameacha kunidanganya.

Saa nne bodaboda imepita kuelekea Nyaishozi, spika imefungwa nyuma. Magitaa yanalia kama mabati yanayong'olewa. Kisha msichana akapaza sauti: Nani alilima siku ya msiba? Kundi likaitikia: Nani?

Uji ukanipalia.

Koku anasema ni bendi ya vijana wa Nyakatuntu. Wanapiga roki, na kila mtu anaruka. "Hata wewe baba umetikisika!" Alicheka peke yake.

Alhamisi, 5 Juni

Nimesikiliza nyimbo zao zote kwenye simu ya Koku. Watu wanadhani ni methali za zamani zilizotiwa magitaa. Si methali. Mkono wenye chaki wanaouimba ni wangu. Mimea iliyotembea hatua saba niliitembeza mimi.

Niandike kabla vidole havijakataa.

Siku alipofariki katekista, kijiji kizima kilikwenda msibani. Kwetu, maiti akiwa hajazikwa, hakuna anayegusa jembe. Ndiyo maana niliichagua siku ile. Niling'oa miramura kumi na moja, mimea yetu ya mpaka, nikaipanda hatua saba ndani ya kibanja cha jirani yangu Laurenti, shamba linalozunguka nyumba yake. Mkewe, Paskazia, alirudi mapema kunyonyesha. Akaniona. Aliposema, wazee walimcheka. "Mwalimu alime siku ya msiba? Huyu mama ana wazimu." Nami nilicheka nao.

Laurenti hakunyamaza. Miaka ikapita, bado alilalamika. Ulipofika wakati wa serikali kuwaondoa wageni, mimi nilikuwa karani wa kijiji. Wazazi wake walitoka Rwanda. Yeye alizaliwa hapa, na kusoma nilimfundisha mimi. Niliandika jina lake kwenye orodha ya wageni kwa mwandiko mzuri. Akapandishwa lori. Alifia ng'ambo ya mpaka, hata mwaka haukuisha. Paskazia, Mnyambo wa kabila letu, akahamia Nyakatuntu na watoto, akawa kibarua. Kibanja kilichobaki nikakimeza chote.

Nilijisikiaje? Nilifurahi. Nililala usingizi mzuri.

Jumamosi, 7 Juni

Amekuja mwimbaji mwenyewe. Domitila, mjukuu wa Paskazia. Kichwa kimenyolewa upande mmoja, lakini alipiga magoti vizuri kuliko wajukuu zangu. "Shikamoo, babu." Akaweka simu kitandani, inarekodi.

Alisema maneno ya nyimbo ni ya bibi yake, aliyaimba akipalilia mashamba ya watu. Wao wanayapigia kelele tu. Mwalimu awafafanulie.

"Huyo aliyelima siku ya msiba ni nani, babu?"

Nikasema ni fuko. Fuko hana ukoo, hajui tanzia, anachimba hata maiti akiwa ndani. Ni kitendawili cha watoto.

"Fuko!" Alicheka. "Na hatua saba?"

Nikamtungia habari za mwezi mchanga. Nimefundisha miaka thelathini na minane. Uongo wangu una utangulizi na hitimisho.

Kisha akasema bibi yake ni mgonjwa sana. Anataka jambo moja: azikwe kwenye kibanja chao cha zamani, kando ya vichanga wake wawili waliozikwa pale. "Unakikumbuka kilipokuwa, babu?"

Nikasema nimesahau. Kipo nje ya dirisha hili.

Jumapili, 15 Juni

Paskazia amekufa Alhamisi. Wamemzika jana huko Nyakatuntu, kwenye ardhi ya kuomba.

Kwanza nilipata nafuu. Kifua kilifunguka kabisa, nikala ndizi mbili. Aibu ilikuja baadaye, nayo ilikuja taratibu.

Jumanne, 17 Juni

Bodaboda tena. Wimbo uleule, lakini sasa unaanza na sauti ya mzee anayekohoa: Ni fuko. Fuko hana ukoo. Kisha ngoma, kisha kicheko cha watu wengi.

Sauti yangu.

Jioni watoto waliotoka shule walisimama kwenye njia yetu: "Shikamoo, Fuko!" Wakakimbia.

Koku aliniuliza. Nikamwambia yote. Aliendelea kumenya ndizi. "Ungekufa nayo tu, baba," alisema. "Sasa umeniachia mimi." Hakuniletea chakula. Nilisikia sahani zikioshwa.

Nimemwomba amwite Domitila. Amekataa. Nimemwomba mwenyekiti wa kijiji amwite.

Jumatano, 25 Juni

Nimetia sahihi mbele ya mwenyekiti. Kibanja kinarudi kwa uzao wa Laurenti. Jina linasomeka.

Domitila alikuja mchana. Hakupiga magoti. Nilimsomea karatasi. Alisikiliza kama mtu anayesubiri mvua ipungue.

"Bibi alituambia kila kitu toka zamani," alisema. "Ndiye aliyenituma kwako. Alisema, mpeni nafasi, alimfundisha babu yenu kusoma, huenda akasema."

Nikauliza alisema nini aliposikia nilivyojibu.

"Aliisikiliza rekodi mara mbili. Akageukia ukutani. Hakuongea tena mpaka akafa Alhamisi."

Aliuliza tu makaburi ya vichanga yako wapi, amlete bibi yake kwao au awapeleke wao kwake, hajaamua.

Nikamwambia ukweli: sijui. Niliondoa mawe ya alama mwaka wa kwanza, nikapanda kahawa juu ya kila kitu.

Akatoka.

Kutoka kitandani namwona. Anapita mstari wa kwanza wa mibuni, anainama kila shina, anapapasa chini kwa kiganja. Amemaliza mstari. Ameanza wa pili. Koku amesimama mlangoni muda mrefu, mikono kwenye kanga, sasa ameteremka na yeye, ameanza upande wa pili.