Baiskeli Isiyo na Keria

Mama Zuhura mpenzi,

Pokea salamu za matope kutoka Kampala. Jana niliendesha baiskeli barabara ya changarawe, msituni hadi bonde la mto. Huko mama muuza ndizi akanipa pole ya kazi.

"Wewe nabeba nini?"

Nikamjibu sibebi kitu.

"Sasa wewe naenda wapi?"

Nikamwambia naenda tu, kisha narudi. Akanionea huruma, akanipa mkungu wa matoke nimpelekee dada yake kilimani, nisiende bure. Ile baiskeli niliyokuringia haina hata keria! Nikaisukuma, mkungu begani. Dada mtu akaupokea, akauliza mbona nimechelewa.

Nawabusu nyote. Majirani wakiuliza mumeo anafanya nini Uganda, sema anachukuza ndizi, ila bado anajifunza.

Baba Zuhura